Daktari wa Simu Aliuliza Mno

Kilichomuuma Priska si unene, ni kiti.

Jumapili moja wanakwaya wenzake walimwekea kiti cha plastiki katikati ya mstari wa sauti ya pili, kwa upendo kabisa, tena wakatafuta cha bluu kilingane na sare. "Kaa, dada, usijichoshe," walimwambia, na mmoja akakifuta vumbi kwa kanga yake. Wenzake wakaruka kulia, wakaruka kushoto, na yeye akabaki pale katikati akipiga makofi kama mgeni rasmi. Aliwashukuru, maana walikuwa wema kweli. Kisha akarudi nyumbani Nzuguni, pembeni mwa Dodoma, akafunga mlango wa jikoni, akalia.

Mwili wenyewe hakuuiba. Alikuwa mtunza masjala katika ofisi moja huko Mtumba, ambako kazi ya kwanza ya asubuhi ni supu, ya pili ni chapati, na faili hufuata likijaliwa. Magoti yalikuwa yakimlalamikia kila ngazi. Kliniki walishamwambia sukari yake iko mpakani na presha inapiga hodi. "Punguza mwili, mama," muuguzi alimwambia, kama mtu anavyoambiwa apunguze sauti ya redio. Priska alijaribu. Alikunywa maji ya ndimu hadi meno yakaingia ganzi. Akatangaza kuacha ugali, lakini mama mkwe wake alipokuja kutoka Kongwa na unga wa uwele na mlenda wa kukausha, kuacha ugali kukawa sawa na kuomba talaka.

Ofisini walikuwa na Denis. Denis hakuna aliyemwona; alikuwa mfanyabiashara wa kwenye simu. Picha yake ilimwonyesha amevaa koti jeupe, na koti jeupe, kama tujuavyo, hushonwa na fundi yeyote mwenye kitambaa. Aliuza sindano za kupunguza mwili, na kwa huduma hakuwa na mpinzani. Hakumsumbua mteja kwa maswali. Hakuuliza kilo, hakuuliza sukari, hakuuliza kama una mimba. Aliuliza jambo moja tu: "Uko Dodoma sehemu gani, dada, nikutumie?" Sindano zenyewe, ambazo hutakiwa kukaa kwenye baridi, zilikuja ndani ya buti la basi, zimefungwa gazeti, jirani na tenga la kuku. Mwenzao mmoja wa ofisini alizitumia. Alipungua kweli. Alipungua akiwa ametundikiwa dripu, akitapika hata maji, na Denis akamtumia ujumbe wa pole wenye picha ya maua. Hata hivyo Priska alikuwa ameshamwandikia Denis kuulizia bei.

"Wewe wifi unanishangaza," Ruthu alimwambia Priska. Ruthu alikuwa mdogo wa mume wake, na ulimi wake ulikuwa umenolewa pande zote. "Ukinunua kitenge unakivuta, unakinusa, unamuuliza muuzaji hadi jina la bibi yake. Sindano ya kujidunga tumboni huulizi hata imetoka wapi?"

"Sasa nifanyeje? Daktari bingwa foleni yake unaijua?"

Ruthu ndiye aliyetafuta huduma ya madaktari wanaoonana na wagonjwa kwa simu. Alikagua kwanza kama daktari amesajiliwa, akauliza dawa hutolewa na duka gani, na kama duka hilo lina mfamasia wa kweli na friji. Wale wa simu walijibu yote, kisha wakataka na wao wajibiwe: uzito, vipimo vya sukari, dawa anazotumia. Uzito ulikuwa mtihani. Mzani wa karibu ulikuwa wa mashine ya kusaga, na Priska alipanda juu yake kati ya gunia la mahindi na gunia la alizeti. Msagaji akasoma, akakohoa, akasema kwa adabu kubwa, "Mama, huu mzani huwa unazidisha kidogo." Haukuwa unazidisha. Priska aliukumbuka wema huo njia nzima.

Siku ya kuonana na daktari ilikuwa Jumamosi mchana. Lameck, mume wake, alikuwa safarini kikazi, lakini hilo halikuharibu kitu, kwa sababu kwao mgonjwa hapelekwi kwa daktari peke yake. Kwamba safari hii daktari yuko ndani ya simu ilionekana ni jambo dogo. Mama mdogo Loisi, aliyemlea Priska bega kwa bega na marehemu mama yake, alikuja kutoka mtaa wa Kikuyu amevaa kitenge cha harusini. Mama Lameck, yaani mama mkwe, alivuta kochi. Ruthu aliegemeza simu kwenye chupa ya chai.

"Huyo daktari tumwekee soda?" aliuliza mama mdogo.

"Atainyweaje, mama mdogo?"

"Si lazima anywe. Aone tu kwamba sisi ni watu."

Soda ikawekwa mbele ya simu.

Daktari Asma alitokea kwenye kioo, kijana, ushungi wa kijivu, macho ya mtu aliyekosa usingizi lakini hakukosa malezi. Alipoona wazee akaamkia, "Shikamooni," wakaitikia "Marahaba" kwa pamoja, na mama mdogo akaridhika na masomo ya huyo binti hapo hapo.

"Mgonjwa ni nani kati yenu?"

"Ni sisi," alisema mama mdogo.

Daktari akatabasamu, akaanza. "Dada Priska, una ujauzito, au unatarajia kupata?"

"Autoe wapi?" alijibu Mama Lameck. "Mwanangu kila siku yuko Singida."

"Umewahi kuugua kongosho?"

"Hilo hatulijui," alisema mama mdogo, "kwa hiyo hana."

"Mama, naomba dada ajibu mwenyewe."

"Anajibu kupitia kwangu, mwanangu. Ana aibu."

Ikaendelea hivyo. Waliulizwa kuhusu tumbo, nyongo, dawa za presha. Kila swali lilipata majibu matatu, na la Priska lilikuja la mwisho, likiwa limekwisha kusahihishwa. Hata hivyo moyo wake ulikuwa unapanda. Kila jibu lilikuwa zuri. Aliiona sindano inakuja, halali, imetoka kwenye friji, na jina lake juu yake.

Ndipo daktari akagusa shingo yake mwenyewe, chini ya ushungi. "Katika ukoo wenu, kuna mtu aliyewahi kupata saratani ya tezi? Uvimbe hapa shingoni?"

Mama mdogo akakaza kitenge chake.

"Hakuna," alisema mama mdogo Loisi. "Ukoo wetu ni safi."

Alikuwa na haki ya kulisema haraka, maana alishawahi kulisema. Wakati wa posa, wazee wa Kongwa walipouliza, kama wanavyouliza wote, kama kuna ugonjwa katika ukoo wa binti, ni yeye aliyesimama akasema hakuna. Mama yake Priska alikuwa amekaa hapo hapo, uvimbe wa ukubwa wa yai ukiwa shingoni, mtandio juu yake. Baadaye walimpasua, baadaye tena akafa, na ndugu wakakubaliana kwamba alikufa kwa kikohozi. Kikohozi ni ugonjwa wa heshima. Hakimnyimi binti mume.

Priska alimtazama daktari. Hakutakiwa hata kudanganya. Alikuwa amekwisha kudanganyiwa. Kilichobaki ni kutikisa kichwa tu. Akisema kweli, anaikosa sindano, na anamvua nguo mama mdogo mbele ya mkwe. Akinyamaza, anaipata, na shingo yake ibaki na siri yake.

Akatikisa kichwa.

"Jibu la mama nimelisikia," Daktari Asma alisema taratibu. "Hilo la kichwa sijalielewa. Swali hili si la kujaza nafasi, dada. Jibu likiwa ndiyo, dawa hii inaweza kukudhuru."

Mama Lameck akanyanyuka ghafla. "Mlenda wangu unaungua!"

Hakukuwa na mlenda jikoni. Jiko lenyewe lilikuwa la baridi tangu asubuhi.

"Loisi, njoo unisaidie kuutazama. Ruthu, na wewe."

"Mlenda watu watatu?" aliuliza Ruthu.

"Ni mwingi! Inuka!"

Akawasukuma mbele yake kama mbuzi wa mtu mwingine, akafunga mlango nyuma yao. Priska akabaki na simu, chupa ya chai na soda isiyonyweka.

"Mama yangu," alisema, akaivuta simu karibu. Akaanza upya. Alieleza uvimbe, mtandio, upasuaji, kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Daktari alisikiliza bila kumkatiza, wala hakushangaa.

"Umefanya vizuri kuniambia. Sindano hizi sitakuandikia. Kuna aina ya saratani ya tezi inayotembea katika ukoo, na mwenye historia hiyo hapewi dawa hii. Hatujui mama alikuwa na aina gani, kwa hiyo sichezi na shingo yako. Nakuandikia rufaa ukapimwe hospitali ndani ya wiki moja. Kwa uzito kuna njia nyingine, na magoti yana mazoezi yake. Tutaonana tena, sikuachi."

"Kuna mtu anaziuza bila maswali."

"Najua. Angeuliza, asingeuza."

Simu ilipokatika, Priska alikaa akikitazama kioo kilichozima. Kikawaka chenyewe. Alikuwa Denis, ambaye hajawahi kuchelewa pale mtu anapokata tamaa: "Dada, imebaki moja tu. Nikuwekee?"

Nani angejua? Daktari hayupo. Ndugu wako kwenye mlenda. Kidole chake kilikuwa juu ya herufi, na aliitaka ile sindano kama mtu anavyotaka maji. Akaandika: "Mama yangu alikufa kwa uvimbe wa shingo. Naweza kuitumia?"

Denis akajibu kabla hajahema: "Pole sana dada. Ndiyo inafaa hata kwa uvimbe. Nikutumie sehemu gani?"

Priska akaisoma mara mbili. Akacheka, kicheko kilichochanganyika na makamasi, kisha akamfungia Denis asimpate tena.

Mama Lameck ndiye aliyeingia kwanza, na kikombe cha maji. Akamshikisha, akakaa karibu naye, akaiweka soda pembeni.

"Mama," Priska alianza, "kuna jambo tulilowaficha."

"La shingo ya mama yako? Mwanangu, alikuja na mtandio umezungushwa mara tatu, mwezi wa kumi, jua la Dodoma lile! Sisi tunatokwa jasho, yeye kajifunga kama yuko Makete. Nikajua hafichi baridi."

"Mlijua? Na mkanichukua?"

"Nilimwambia baba yake Lameck: binti aliyemlisha mama yake kwanza, ndipo akawakaribisha wageni, huyo tusimwache. Ulikuwa unammegea ugali vipande vidogo vidogo. Nilikuona."

"Miaka yote hii hamkusema."

"Niseme nini? Loisi alidanganya ili uolewe, na mimi nikakubali kudanganywa ili uolewe. Tulishirikiana vizuri tu."

Mlangoni mama mdogo Loisi alikuwa amesimama, kitenge chake cha harusini kimekunjamana, amesikia yote. Kwa desturi yake alianza na lawama. "Daktari gani huyo anamaliza kutuhoji nusu ya siku halafu hatoi hata panado? Mimi nilijua, mtu asiyekunywa soda!" Kisha akashusha sauti. "Ilikuwa saratani ya tezi, Priska. Walituambia hospitali. Mimi ndiye niliyesema tuite kikohozi."

Hakuna aliyemjibu vibaya. Ruthu alimvutia kigoda. Mama mdogo hakukaa. Alikuja akapiga magoti mbele ya Priska, mbele ya mkwe kabisa, akaweka vidole shingoni mwa yule mtoto aliyemlea. Akapapasa polepole, upande huu na upande ule, kama anatafuta jiwe kwenye mchele.

"Sioni kitu," alisema. "Wallahi sioni kitu."

"Jumatatu tunakwenda wote, daktari ataangalia," alisema Mama Lameck, akimfutia Loisi machozi kwa kanga yake. "Wewe Loisi, hata siku ya posa ulituambia hakuna."