Waliotimiza Akidi

Asubuhi ya mkutano Rena Ouellette alikuwa nyuma ya ukumbi wa klabu ya wawindaji ya Sabin Falls, akiondoa theluji juu ya shimo la maharage. Maharage ya mkutano hayapikwi jikoni. Huchanganywa na mafuta ya nguruwe na molasi, yakatiwa kwenye sufuria zito la chuma, yakafukiwa juu ya makaa, yakalala humo ardhini mpaka kesho yake kama mtu mwenye homa. Rena alikuwa anaingiza koleo taratibu, akisikilizia ligonge chuma, ndipo kaka yake Lucien alipopita nyuma yake, akapangusa viatu mlangoni, akaingia ndani.

Lucien alikuwa amekufa miaka sita iliyopita. Rena alimwambia aangalie ngazi, ina barafu, kisha akaendelea kufukua.

Marehemu walianza kuja mwezi Januari, muswada ulipotangazwa. Bunge la jimbo lilitaka kupiga marufuku bunduki zote zinazojipakia risasi zenyewe, na wenye nazo wazipeleke polisi. Klabu ikaitisha mkutano, na kama kawaida akidi haikutimia. Hilo lilikuwa kosa la adabu nzuri. Kwenye klabu ile, mtu akishalipa ada ya uanachama wa maisha, jina lake halifutwi hata akifa, kwa sababu waanzilishi waliona ni ufidhuli kumfuta mtu ambaye hawezi kujitetea. Baadaye vijana wakahamia mijini, wazee wakahamia makaburini, na hesabu ya wanachama ikabaki palepale. Nusu yao, iliyohitajika kutimiza akidi, haikupatikana hata kwa kuokota wapita njia. Jina la marehemu likisomwa, aliye karibu humjibia, "Yuko msituni," na mkutano huahirishwa, watu wakala maharage wakaenda zao.

Ila Januari ile Merle Haskell, mwenyekiti, aliposoma jina la Lucien, Lucien alinyanyua mkono mwenyewe kutoka benchi la nyuma. Merle alimtazama juu ya miwani, akasema ahsante kwa kufika, akaendelea na jina linalofuata. Akidi ikatimia kwa mara ya kwanza tangu ukumbi uwekewe umeme.

Si marehemu wote waliokuja. Mzee Gagnon, aliyefia hospitali kwa mapafu, hakuja. Hollis, aliyezama mtoni na chambo mkononi, hakuja, ingawa alipokuwa hai hakukosa mkutano wenye chakula. Waliokuja ni wale tu waliojiua kwa bunduki zao, wale ambao gazeti la wilaya liliandika kwamba walifariki ghafla nyumbani. Kila mtu ukumbini aliliona hilo, na kila mtu aliangalia sahani yake.

Rena hakuupenda muswada, na hakuwa anajifanya. Polisi wa karibu yuko mwendo wa saa nzima, barabara ikiwa safi, na Machi barabara haiwi safi. Nyama ya kulungu ndiyo iliyowalea yeye na Lucien mwaka kiwanda cha karatasi kilipofungwa. Alikuwa amekubali kwenda mji mkuu wa jimbo kuwaeleza wabunge hayo yote. Lakini kilichomkosesha usingizi majira hayo hakikuwa bunge. Kilikuwa Alden Philbrook.

Alden alimzika mkewe Gloria mwezi Novemba. Mji mzima ulimpelekea tambi za kuoka, bakuli juu ya bakuli, mpaka friza yake ikakataa kufunga. Hakuwinda msimu ule. Kisha mwezi Februari akampa mtu wa posta mbwa wake. Rena aliposikia habari ya mbwa aliacha vyombo kwenye sinki akawasha gari, kwa sababu Lucien naye, wiki ile ya mwisho, aligawa mtumbwi wake.

Alimkuta Alden jikoni na koti mwilini.

"Mbwa ana kosa gani?" alimuuliza.

"Anakula sana."

"Angalau yeye anakula. Wewe suruali inakutafuta." Rena alivuta kiti akakaa. "Nimekuja kuchukua bunduki zako, Alden. Zikae kwenye kabati la chuma la klabu mpaka theluji iyeyuke. Basi."

Alden alicheka, na kwa muda mfupi akafanana na Alden wa zamani. "Mwaka huu? Niwe mtu wa kwanza wilaya nzima kusalimisha bunduki, tena kabla hata sheria haijapita? Watanizomea mpaka kanisani, bibie."

"Wazomee. Mradi uwepo wa kuzomewa."

Alden akawa anaizungusha kofia yake juu ya meza. Mwishowe akasema klabu ikimwambia alete, ataleta. Atazileta mwenyewe, zote, na risasi juu. Lakini iseme klabu, si Rena na huruma zake.

Ndiyo maana siku ile ya maharage Rena alikuwa na hoja.

Mkutano ulianza na mambo ya safari: basi litaondoka wapi, nani ataandika mabango, na kila mtu avae kofia ya kuwindia ya rangi ya machungwa ili waonekane wengi. Walikubaliana pia juu ya bahati nasibu ya kuchangia nauli. Zawadi ilikuwa bunduki mojawapo ya zile zinazotaka kupigwa marufuku, hivyo mshindi alishauriwa aifaidi mapema. Marehemu walisikiliza kwa makini, kofia zao magotini.

Kisha Rena akasimama. Alisema klabu ianze desturi ya kuwekeana. Mwanachama aliyefikwa na mambo mazito alete bunduki zake klabuni, zitunzwe, arudishiwe akiomba. Hakutaja jina. Hata hivyo watu waligeuka wakamtazama Alden, kisha wakajitia kutafuta chumvi.

Travis Cote, kijana wa karakana, alimuuliza, "Bi Rena, kwani wewe uko upande gani?"

"Upande wa mwenye sufuria. Kaa chini kabla sijakunyima."

Watu walicheka, na Travis akakaa. Merle hakucheka. Alikuwa mfugaji mwenye roho nzuri, aliyewahi kutoka nyumbani wakati wa dhoruba kwenda kumzalisha ng'ombe wa Rena. Alivua miwani.

"Jumatatu nasimama mbele ya wabunge," alisema, "nawaambia sisi ni watu wazima, hakuna wa kumshikia mwenzake bunduki. Leo nipitishe hoja ya kushikiana? Magazeti yatatula wabichi, Rena."

"Ukinywa pombe Travis hukunyang'anya funguo za gari. Hujaenda kumshtaki popote."

"Ni kweli. Na ungelileta jambo hili mwaka jana ningekuunga mkono. Lilete mwaka kesho."

"Mwaka kesho si kwa kila mtu, Merle."

Merle aliijua maana yake. Alifuta miwani kwa ncha ya shati, kisha akasema hoja imetolewa, ipigiwe kura.

"Wanaokubali?"

Rena alisema ndiyo. Sauti yake ilikuwa peke yake. Nyuma, benchi zima la marehemu lilinyanyua mikono juu, mikono yote, na Lucien alinyanyua miwili.

Travis aliuliza kama hiyo inahesabika. Merle alikuna ndevu. Alisema kwa upole kwamba wanachama wa nyuma wanaheshimiwa na wanatimiza akidi, ila kura pale hupigwa kwa sauti, na yeye hana mamlaka ya kubadili kanuni katikati ya kura. Akawasubiri. Aliwasubiri kwa haki kabisa, muda mrefu kuliko anavyosubiriwa mtu hai. Lucien alifungua kinywa. Ilitoka theluji kidogo, ikayeyuka juu ya koti lake.

"Wanaokataa?"

Ukumbi ulinguruma. Katika ngurumo ile Rena aliitambua sauti ya Alden, besi iliyozoea kuimba kanisani, ikisema hapana pamoja na wenzake. Aliikataa hoja huku akiangalia maharage, ambayo hakuyagusa.

Rena alimfuata mpaka kwenye gari lake, akamwambia aachane na sharti lake la kijinga, ampe bunduki sasa hivi. Alden alimpiga begani kwa upendo, akamwambia klabu imeshasema.

Jumatatu Alden hakuja kwenye basi. Alituma ujumbe kwamba mgongo unamuuma. Rena alimpigia simu mpaka mtandao ulipopotelea milimani. Marehemu walikuja wote, wakajaza viti vya nyuma, na dereva akalalamika tu kwamba huko kuna baridi na mtu kaacha dirisha wazi.

Bungeni kila msemaji alipewa dakika chache. Rena aliongea vizuri. Alieleza barabara, kiwanda na kulungu, na mbunge mmoja aliyekuwa anachezea simu akaiweka chini. Alikuwa amejiandalia sentensi moja ya mwisho, kuhusu Lucien. Alinyanyua macho akamwona Lucien amekaa juu kwenye viti vya wageni, kofia mkononi, anamtazama kama mzazi siku ya maonyesho ya shule. Akatazama na safu za kofia za machungwa, majirani zake, watu waliomchimbia kaburi kaka yake ardhi ikiwa imeganda. Akasema ahsanteni kwa kunisikiliza, akakaa.

Muswada ulifia kwenye kamati ya bunge siku ileile. Ndani ya basi watu waliimba njia nzima. Rena aliendelea kupiga simu. Walipofika Sabin Falls, gari la mkuu wa polisi lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ya Alden, na taa za jikoni zilikuwa zinawaka.

Walimzika Ijumaa karibu na Gloria. Jumamosi ilikuwa karamu ya ushindi, na Alden alikuja. Alivaa suti aliyozikiwa, akasalimia kwa kichwa, akaenda moja kwa moja nyuma. Benchi lilikuwa limejaa. Walijisogeza, wakabanana, na bado alikaa nusu nusu, mguu mmoja njiani, watu wanaopita na sahani wakimruka. Rena alimpelekea mto wa kiti. Alikaa naye kidogo, wote wawili wakitazama mbele, ambako Merle alikuwa anawashukuru wanachama kwa mahudhurio mazuri.

Jumapili mchana Merle alimpigia Rena amsaidie kazi ndogo. Alimkuta mlangoni mwa ukumbi na benchi jipya la msonobari, refu kuliko lile la kwanza, kingo zake zimepigwa msasa vizuri. Merle alisema si haki mtu kukaa vile, na kwamba mbao alikuwa nazo tayari, akaona asizikate.

Rena alilitazama lile benchi kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine. Merle alikuwa ameshainama, anamngoja. Rena alishika upande wake, wakaliingiza ndani.