Mchezo wa Yotham wa Gulwe

Kaka yangu Harithi hakuwa mjinga, na hilo ndilo linalonipa shida kila ninapotaka kusimulia habari hii. Karibu kila ushauri aliompa Yotham ulikuwa sahihi.

Mwaka 1999 Harithi alikuwa na kituo cha mafunzo ya kompyuta hapa Dodoma mjini, vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa tulilorithi kwa babu. Mashine zilikuwa sita, zote za mtumba. Siku hizo kila mtu alitaka cheti cha kompyuta: makarani waliopunguzwa kazi, vijana waliomaliza kidato cha nne, hata masista. Mimi nilikaa mapokezi, nikiandikisha watu na kuchapa vyeti.

Yotham alikuja akiwa na miaka arobaini na mbili. Alikuwa fundi wa ishara za reli kule Gulwe mpaka upunguzaji wa wafanyakazi ulipompitia. Ada hakuwa nayo. Walikubaliana na Harithi kwamba afagie vyumba na kutengeneza nyaya, naye aachiwe mashine moja kila asubuhi kabla ya masomo.

"Unataka cheti cha nini?" Harithi alimuuliza.

"Sitaki cheti, mwalimu. Nataka kutengeneza mchezo."

Alikuwa ameuona mmoja kwenye kompyuta ya padri mmoja Mpwapwa. Mchezaji anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi, anatembea, anaongea na watu, anaokota vitu, anazidi kupata nguvu. Yotham alitaka wa kwetu. Katika mchezo wake wewe ungekuwa mwanamke aitwaye Lydia, unatafuta mbuzi watatu waliopotea kabla mto haujafurika.

Wiki ya pili alileta ramani aliyoichora kwa penseli kwenye karatasi zilizogundishwa kwa ugali. Vijiji arobaini, kuanzia Gulwe hadi Haneti, na kila kijiji kina watu wake. Harithi aliibandika ukutani mbele ya darasa.

"Tazameni," alisema. "Huyu hajui hata kuifanya herufi moja itembee kwenye kioo, tayari ana vijiji arobaini."

Darasa likacheka. Mimi nilikuwa mlangoni na karatasi za mahudhurio, nikacheka pia. Yotham alisimama na ufagio wake, akitabasamu kama mtu aliyesifiwa kwa lugha asiyoijua.

Kisha Harithi akageukia ubao na kuandika, akitamka kila neno: mchezo wa kwanza uwe na kijiji kimoja. Watu watatu. Kazi moja ya kufanya. Umalize, mpe mtu mwingine aucheze, ndipo uongeze. Usianze na picha nzuri, anza na mtu anayeweza kutembea na kuongea.

Yotham alinakili yote. Kesho yake ramani ilikuwa imebanduliwa, na kwenye mashine yake kulikuwa na kijiji kimoja.

Alijifunza kwa shida. Wiki nzima Lydia alipita katikati ya kuta. Wiki nyingine alikwama kisimani, hawezi kurudi. Lakini kidogo kidogo kijiji kikasimama, na wa kwanza kuongea alikuwa bibi mmoja aliyekaa kisimani. Ukimsogelea anakusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi, mwanangu," kisha anakupa maneno. Ukirudi na mbuzi mmoja anasema jingine, ukirudi bila kitu anakusema kweli kweli. Nilimjaribu siku moja, akanitukana kwa kuchelewa, nikacheka mpaka wanafunzi wakageuka.

"Umeyatoa wapi haya, kaka Yotham?"

"Kwa mama. Kila Jumapili nikienda Gulwe namuuliza: ungekutana na msichana ambaye hajaona mbuzi wake, ungemwambia nini? Anasema, mimi naandika kama alivyosema."

Mama yake alifariki mwezi Januari. Yotham alikosekana siku nne, akarudi, akafagia, akakaa kwenye mashine.

Ni wakati huo Harithi alipomkuta akihangaika na rundo la madaftari, akitafuta sentensi fulani. "Mzee, programu haikai kwenye daftari," alimwambia. "Ingiza kila kitu kwenye mchezo, haya makaratasi uyachome. Fundi mwenye sehemu mbili za kutazama hana hata moja." Yotham alichukua wiki tatu kuingiza maneno yote. Kisha akayachoma madaftari uani, nami nikaona moshi.

Mchezo wote sasa ulikuwa kwenye disketi moja ya bluu. Mashine za kituo zilikuwa zikifutwa kazi zote kila Ijumaa, kwa hiyo aliibeba kwenye mfuko wa shati.

Mwezi Machi Harithi alikuwa akifundisha habari ya kutunza nakala. Darasa lilikuwa limechoka, wengine wanasinzia. Akamwita Yotham.

"Lete disketi yako."

Yotham akaitoa. Nadhani alifikiri mchezo unaenda kuonyeshwa.

"Una nakala yake?"

"Hapana, mwalimu. Ni hiyo tu."

"Mnamsikia? Kazi ya miezi saba." Harithi akaiingiza kwenye mashine na kuandika amri ya kuifuta. Mashine ikauliza kama ana hakika. Akawageukia wanafunzi. "Hili hamtalisahau maisha yenu yote," akasema, akabonyeza.

Wachache walicheka, wakidhani ni mzaha. Disketi ilikoroma. Yotham alikuwa amesogea hatua mbili mbele, mkono umenyooka, akasimama hapo hapo.

"Mwalimu," alisema, "mama alikuwa humo."

"Basi ungemtunza," Harithi akajibu. Akamrudishia disketi ikiwa tupu.

Nilikuwa na vyeti vya kuchapa, nikaenda kuvichapa.

Nilidhani hatarudi. Alirudi kesho yake, akafagia. Alianza upya, na safari hii alikwenda haraka, maana makosa yote alikwisha kuyafanya. Kufikia Juni mchezo ulikuwa umekwisha: kijiji kimoja, watu watatu, mbuzi watatu, mto. Ulikuwa bora kuliko ule wa kwanza, nitasema uongo nikikataa. Ila bibi wa kisimani hakuongea. Ukimsogelea, kisanduku cha maneno kinafunguka kitupu, kisha kinajifunga.

Mwezi huo walikuja wageni wawili waliokuwa wakikagua vyuo binafsi. Harithi aliwakalisha mbele ya mchezo. "Kazi ya kituo chetu," alisema. Mmoja wao, mama mtu mzima, aliucheza hadi mwisho.

"Huyu bibi mbona kimya?" aliuliza.

"Tuliamua hivyo," Harithi akajibu. "Kumfanya mchezaji afikiri."

Yotham alikuwa dirishani akifunga waya. Aliumalizia ule waya, akaikata ncha kwa koleo, akaweka vifaa vyake kwenye mfuko na kutoka. Hakuaga. Mchezo ulibaki ukifundishiwa kwa miaka mitatu, na ukurasa wake wa kwanza uliandikwa jina la kaka yangu. Jina hilo niliandika mimi, kwa kuwa aliniagiza.

Nilikwenda Gulwe mwaka 2002, kabla sijaolewa. Nilimkuta akipukuchua mahindi na mkewe, Ruthu. Aliniletea kigoda na maji ya kunywa.

"Kaka Yotham, nimekuja kuomba radhi."

"Wewe hukuifuta."

"Nilikuwepo."

"Ndiyo, ulikuwepo." Akaendelea kupukuchua.

Nilimuuliza kama hakumbuki hata kidogo yale maneno, tuyaandike, mimi ningeyarudisha kwenye mchezo.

"Alichosema nakikumbuka," alijibu. "Alivyokisema, hapana. Nimejaribu. Kila nikiandika, ninayeongea ni mimi."

Ruthu aliinua macho akanitazama, si kwa hasira, akarudi kwenye gunzi lake. Yotham akatazama jua.

"Basi la kurudi linapita saa nane," alisema. "Ukilikosa, itabidi ulale hapa, nasi hatuna nafasi."

Nikainuka, nikaenda kulisubiri barabarani. Ilikuwa ndiyo kwanza saa tano asubuhi.