Kuni Zilizokataliwa

Ti. Ti. Hita ilikuwa ikipoa, bati lake likilia gizani. Watiri aliamka, akabonyeza swichi ya taa. Hakuna kitu. Mtaa mzima wa Skuta ulikuwa giza, na ukungu wa Julai ulikuwa umefika mlangoni.

Mjukuu wake alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Kwa kuwa ni binti wa kwanza wa mwanawe Mutahi, alipewa jina la nyanya yake: Watiri. Nesi aliwaruhusu kwenda nyumbani kwa sharti moja, mtoto asishikwe na baridi.

Nyanya alimgusa miguu. Ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni.

"Washa jiko," alimwambia Magdaline, mke wa mwanawe.

"Na nini, Mama?"

Kuni hazikuwemo nyumbani. Juma lililopita, akina mama wa mtaa walipojiandaa kuja kumwona mzazi na mizigo ya kuni mgongoni, kama ilivyo desturi, Magdaline aliwatumia ujumbe: waje na sabuni, nyumba hii ina stima, haitaki moshi. Jirani yao Kagure, mama yake Theuri, ambaye alikuwa ameshapasua kuni zake, hakuja kabisa.

Watiri alimfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunika blanketi. Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililomtisha.

"Nenda kwa Kagure."

"Atanicheka."

"Akucheke. Kimbia."

Magdaline alitoka mbio. Watiri alibaki akisugua nyayo zile ndogo, akisikiliza pumzi inayokatika, inarudi, inakatika.

Mlango ukasukumwa. Kagure aliingia na mzigo mgongoni na makaa mekundu kwenye mkebe. Miguu yake ilikuwa mitupu, imejaa umande. Magdaline alimfuata nyuma.

"Ati stima haina moshi," alisema akipiga magoti. "Naona hata moto haina."

Lakini mikono haikungoja jibu. Alifungua dirisha, akawasha, akateleka maji. Chupa zikajazwa, zikafungwa kwa vitambaa, zikapangwa kumzunguka mtoto. Watiri aliona kamba ya ule mzigo: ilikuwa imepambwa kwa utepe mweupe. Kagure hakuwa amezitumia kuni zile. Alikuwa amemwekea mtoto.

Kulipopambazuka, mtoto alilia kwa hasira. Nyanya akafuta macho.

"Stima ikirudi, hita iwake," alisema. "Lakini kuni kavu zikae chini ya kitanda, na chupa ziwe tayari kila jioni."

Kagure aliinuka kwenda. Magdaline alimshika mkono.

"Mama Theuri, rudi kesho. Waambie na wale wengine. Mje na kuni."