Kibao cha Gia cha Mkono wa Kushoto

Kitendawili: mapacha wamejificha nyuma ya usukani, wa kulia hupandisha, wa kushoto hushusha. Jibu ni vibao vya gia vya gari la binti yangu, anayesambaza mikate. Tangu mlango ulipombana vidole vya kushoto, havinyooki sawasawa na havikifikii kibao ambacho gari lilitoka nacho kiwandani. Mteremko wa kwetu usiposhusha gia utaunguza breki, kwa hiyo miezi mitano yuko nyumbani.

Kaka yangu fundi akaleta vibao virefu, akavifunga huku akipiga mluzi. Binti akanyoosha vidole, wapi!

"Ulipima kwa mkono wa nani?" nikamuuliza.

"Kwa huu wangu, dada."

"Huo si mkono, ni sinia! Gauni hukatwa kwa mwili wa mvaaji."

Nikachana boksi la viatu, nikamwambia binti ashike usukani pale ambapo haumii, nikaliweka boksi nyuma ya usukani na kuchora juu yake kwa chaki vidole vilipoishia. Kaka akakata alumini kwa kipimo changu, akaipiga tupa mpaka kingo zikalainika, akaifunga upande wa kushoto.

Tukaingia garini wote watatu, tukaanza kuteremka. Binti akavuta kibao kwa kidole kimoja. Injini ikaguna, gari likapunguza mwendo bila breki.

"Mama, linanisikia!"

"Tazama mbele, mpwa wangu," kaka akasema, naye anafuta macho.

Tulipofika chini akaegesha pembeni, akampigia bosi wake simu. "Kesho nipakieni mikate," akasema. Sikungoja jibu, nikapiga vigelegele.