Kipa Anapopoteza Muda

Mjomba asingeweza kufa kabla sijamaliza kuandika. Hiyo ndiyo imani niliyokuwa nayo wakati ule, na kwa kuwa tangu shuleni sikuwa nimemaliza kuandika kitu chochote, niliona Mjomba ana uhai wa kutosha.

Ngoja nieleze vizuri. Mimi ni mwandishi. Mama husema mimi ni mtu anayetaka kuwa mwandishi, na hilo neno "anayetaka" hulivuta mpaka linakaribia kukatika. Nina riwaya kadhaa kwenye sanduku chini ya kitanda. Zote zina mwanzo mzuri, katikati zinachangamka, na mwisho hazina. Si uvivu. Nilipokuwa shuleni niliandika insha nikamuua paka kwenye aya ya mwisho ili mwalimu alie. Mwalimu hakulia, ila wiki ileile paka wa jirani alikanyagwa na lori la maji. Tangu hapo nikikaribia ukurasa wa mwisho mkono huwa mzito. Najua ni upuuzi. Lakini paka yule alikuwa wa rangi ileile.

Riziki yangu inatoka kwa Mjomba, kaka yake Mama, mwenye karakana ya kuchora mabango. Yeye huchora picha, mimi hujaza herufi. Zamani alikuwa kipa, si kipa wa kutajwa redioni, kipa wa timu ya mtaa tu, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vimepinda kwa sababu ya kudaka mashuti ya watu wasio na huruma. Katikati ya vidole hivyo ndipo anapoibana brashi ya akiba. Anasema wengine wote wameenda kwenye mpira wakarudi na madeni, yeye amerudi na kishikizo.

Ananiita Mwandishi. Bila "anayetaka".

Kusoma nilijifunzia kwenye vitabu vyake vya katuni, alivyokuwa akivificha chini ya makopo ya rangi. Humo nilijifunza pia mambo mawili ya uongo: kwamba mtu akigongwa kichwa huona nyota, na kwamba akianguka kutoka ghorofani, ukurasa unaofuata anaonekana na plasta mbili kwenye paji la uso, anakula. Bibi alipofariki nilikuwa mdogo, nikakaa kibarazani nikisubiri ukurasa unaofuata. Watu wazima walinipa soda. Mjomba peke yake ndiye aliyekaa karibu yangu akasema, "Kipa yeyote hufungwa, Mwandishi. Hata mimi." Kisha akanywa nusu ya soda yangu.

Tulipoanza kutunga katuni yetu wenyewe, basi, ilikuwa lazima imhusu kipa. Tulimwita Komeo. Mpinzani wake alikuwa Kifo, mshambuliaji namba tisa, jezi nyeusi, soksi zimevutwa mpaka magotini, adabu hana. Kila toleo Kifo alikuja na shuti jipya: homa, nyoka, basi lisilo na breki, mfupa wa samaki. Komeo alidaka. Likimshinda kudaka alilipangua, na likimshinda kulipangua liligonga mwamba. Mjomba alichora, mimi nilijaza maneno kwenye yale maputo yanayotoka vinywani mwa watu, na nakala tuliitundika kwa Kinyozi, jirani yetu wa ukuta mmoja. Wateja wake walianza kuja kunyoa nywele ambazo hazijaota.

Mjadala mkubwa pale kwa Kinyozi ulikuwa kama Kifo ameotea au hajaotea.

"Ameotea waziwazi!" Mjomba alikuwa akisema, kitambaa cha kunyolea kikiwa shingoni. "Mtu anasimama nyuma ya mabeki wako tangu siku unazaliwa, anakungoja tu, na hakuna mshika kibendera anayeinua mkono. Huo ni uamuzi mbovu."

"Mzee, tulia, nitakukata sikio," Kinyozi alimjibu. "Halafu huyo Komeo wenu naye kazidi. Kipa gani hafungwi? Mnatudanganya."

Mjomba alinitazama kupitia kioo. Nikajifanya nasoma bei za kunyoa ukutani.

Halafu moyo wa Mjomba ukaanza vituko. Daktari alisema kuna valvu imechoka, haifungi vizuri, na damu inarudi ilikotoka. Itabidi apasuliwe na awekewe nyingine. Mjomba alitusimulia nyumbani huku akicheka. "Nina kipa kifuani, ameanza kutoka golini ovyo. Sasa kocha anataka kumbadilisha." Mama hakucheka. Alisimama akaanza kuosha sufuria lililokuwa safi.

Alipopangiwa tarehe, Mjomba alinipa kazi. Alikuwa amechora toleo la mwisho la Komeo, kurasa zote isipokuwa moja. Dakika za lala salama. Kifo amepata penalti. Ameweka mpira, amerudi nyuma, amepiga. Mpira uko hewani. Komeo ameruka. Baada ya hapo, karatasi nyeupe.

"Mwisho ni wako," alisema. "Niambie kinachotokea, nami nitachora. Ila siendi kupasuliwa mpira ukiwa hewani. Nikilala pale mezani nataka niwe najua."

"Na nikichelewa?"

"Watasubiri. Moyo ni wangu."

Mtu mwenye akili timamu angeandika mwisho jioni ileile. Mimi nilifanya hesabu yangu ya paka. Nikiandika Komeo amedaka, ni uongo, na Mjomba anaujua uongo wa makipa hata akiwa amefumba macho. Nikiandika amefungwa, Mungu wangu, nimemuua mwenyewe kwa kalamu. Nisipoandika kitu, mpira unabaki hewani na Mjomba anabaki duniani. Niliona nimepata dawa ambayo madaktari hawaijui.

Basi nikaanza. Nilichonga penseli. Nilibadilisha meza, kisha nikairudisha. Nilimwambia Mjomba kwamba nafikiria, kwamba nasoma kanuni za penalti, kwamba maputo ni madogo. Tarehe ya kwanza ikapita. Wakampangia ya pili, nikaumwa jino ambalo nilikuwa nimeshaling'oa. Nayo ikapita. Mjomba hakunigombeza. Mama ndiye aliyegombeza, lakini alimgombeza Mjomba, akidhani tatizo ni ukaidi wake. Ukweli sikumwambia.

Asubuhi moja tulikuwa tunachora bango kwenye ukuta wa duka la dawa. Siku hiyo Mjomba alisema herufi atapiga yeye, mimi nishike ngazi. Akaandika DUKA LA DA, akasimama. Nilidhani anapima nafasi. Kisha akashuka taratibu, akakaa kwenye kopo la rangi, midomo imebadilika rangi, mkono kifuani. Alihema kama aliyekimbia uwanja mzima. Mpita njia akasoma ukuta kwa sauti, "Duka la da," akauliza, "Dada yupi?" Mjomba alitaka kucheka akashindwa, na aliposhindwa kucheka ndipo nilipoogopa kwelikweli. Sijawahi kuona kichekesho kikimpita.

Mchana huo muuguzi alipiga simu ya karakana, nikapokea mimi. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu. Alisema daktari amempangia tarehe ya mwisho: mgonjwa aje Jumatatu, asipokuja, kitanda kinapewa mwingine, na yeye kama muuguzi asingependa kueleza mgonjwa kama huyu akikaa hivihivi itakuwaje. Nilisema ahsante, nikakata simu, nikaanza kupanga brashi kwa ukubwa.

Kesho yake nilipofika karakana nilikuta karatasi mezani kwangu. Ilikuwa katuni mpya, wino bado unanuka. Golini hakuwepo Komeo. Nilikuwepo mimi, na miwani yangu hii mikubwa, na kandambili, na glovu zinazonipwaya. Kisanduku cha kwanza, nafunga kamba za kandambili, ambazo hazina kamba. Cha pili, naweka mpira chini. Cha tatu, nauhamisha kidogo kushoto. Cha nne, naurudisha. Cha tano, nimelala chali nimeshika ugoko, nyota zinanizunguka kichwani, na hakuna mtu aliye karibu nami hata hatua kumi. Cha mwisho, refa ameninyooshea kadi ya njano. Refa alikuwa na sura ya Mama, mpaka kilemba.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Halafu kicheko kikageuka, nikalia, na miwani ikaingia ukungu.

Mjomba alikuwa mlangoni, ameegemea fremu kwa sababu siku hizo alikuwa anaegemea kila kitu.

"Kipa anapoteza muda," alisema. "Mashabiki wanazomea."

"Sitaki ufe, Mjomba."

"Hata mimi sitaki. Kwani nimekwambia nina haraka?" Akaja akakaa mbele yangu, polepole. "Nikuulize kitu, Mwandishi. Uwanjani, timu gani inapoteza muda?"

"Inayoongoza," nilisema, nikifuta miwani.

"Ehe. Anayefungwa hapotezi muda, anakimbilia mpira mwenyewe. Sasa wewe umelala chini hapo, umeshika ugoko, inaonekana tunaongoza. Tunaongoza ngapi ngapi?"

Alinipigapiga begani kwa vile vidole vyake vilivyopinda, akaenda kutafuta mtu wa kumalizia lile neno "dawa" kwenye ukuta wa duka.

Nilibaki na swali lake. Tangu tuanze katuni ile, hatukuwahi kuchora ubao wa matokeo. Tulihesabu mashuti ya Kifo tu, homa na mabasi na mifupa ya samaki, wala hatukuuliza Komeo na timu yake wamefunga mangapi. Mjomba ana miaka sitini na tatu. Kila mwaka alioumaliza, nani alifunga? Si Kifo. Nikavuta karatasi. Sikuchonga penseli, ingawa ilihitaji kuchongwa.

Nilimpa kabla ya Jumatatu. Jumapili nzima alijifungia akachora, na alipotoka nje alikuwa na wino mpaka sikioni. Asubuhi ya kupasuliwa alitusomea mwenyewe, mimi, Mama na Kinyozi, akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu ukumbini mwa hospitali, na lile gauni lao lisilofunga nyuma.

Mpira umeingia. Komeo ameruka upande uleule, ameugusa kwa ncha za vidole, na umeingia. Uwanja kimya. Kifo anashangilia: anavua jezi, anateleza kwa magoti, anabusu kamera. Komeo anainuka, anajifuta vumbi, anautoa mpira wavuni kama kipa yeyote anavyoutoa. Kisha ananyoosha kidole kwenye ubao ulio juu ya jukwaa. KOMEO 63, KIFO 1. Na kwenye puto la mwisho, maneno ya Komeo: "Hongera, kijana. Bao la kufutia machozi si baya."

Mjomba alicheka mpaka kitanda kikasogea. Muuguzi alikuja mbio akamwambia wagonjwa wa moyo hawaruhusiwi kucheka hivyo. "Umesahau kitu," Mjomba aliniambia, akipangusa macho. "Amevua jezi. Kadi ya njano."

"Itie wewe. Wewe ndiye mchoraji."

"Nikirudi." Akanishika mkono. "Huo ni mwisho, Mwandishi. Umeandika mwisho." Wakamsukuma, magurudumu yakilia, na mlango ukajifunga wenyewe.

Tulikaa kwenye benchi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu sasa nilikuwa nimemaliza kuandika na sina tena kitu cha kumzuilia. Kinyozi, aliyekuwa na mashine yake ya kunyolea mfukoni kwa mazoea, alilisoma toleo mara mbili, akasema angalau sasa hatuwadanganyi watu, kisha akatoka nje akakaa huko muda mrefu. Mama hajawahi kusoma katuni maishani mwake, anasema ni vitabu vya watu wasiopenda kusoma. Aliichukua ile karatasi ya mwisho, akaitazama mpaka nikadhani amesinzia. Halafu akaikunja, akaiingiza mkobani, akaubana mkoba kwapani.

Jioni walituruhusu wawili. Mjomba alikuwa na mirija puani na nyaya kifuani, ngozi yake kama ya mtu aliyepakwa rangi ya kwanza tu. Mashine pembeni ilikuwa inalia taratibu. Nilimwita. Hakuitika. Nilimwita tena, nikaweka kidole changu katikati ya vile vidole vyake, pale panapokaa brashi, navyo vikabana.

Midomo ikacheza. Niliinama kumsikia.

"Ngapi ngapi?"

"Sitini na tatu kwa bila," nilisema.

Nyuma yangu Mama, asiyejua hata wachezaji ni wangapi uwanjani, alisogea akaivuta shuka ya kaka yake mpaka kifuani, akaiweka sawa pale ambapo tayari ilikuwa sawa.

"Mwezi ujao sitini na nne," alisema. "Na usipokunywa dawa, kadi nyekundu nakupa mimi."