Sababu ya Kuchelewa

Siku kumi na moja. Afisa wa kodi alizihesabu kwenye kalenda ya mezani kwa ncha ya kalamu, moja moja, utadhani alitaka kila siku iniume peke yake.

"Ushirika ukileta ritani ya kodi kwa wakati, ziada yenu haiguswi," alisema. "Mkichelewa hata siku moja, msamaha hakuna. Mnakatwa kodi kama kampuni nyingine yoyote."

Nilimjibu kwamba najua. Kujua kwenyewe ndiko kulikokuwa kunaninyima usingizi. Sisi ni mafundi cherehani kumi na wanne katika chumba cha kupanga juu ya duka la rangi, na mwenye nyumba ametupa notisi ya kuhama mwisho wa mwezi. Ile ziada ndiyo tuliyokusudia kununulia chumba chetu wenyewe. Ikikatwa, chumba hakuna. Na katibu wa ushirika ni mimi.

"Labda uniletee barua ya sababu, yenye mhuri, leo kabla ya saa kumi, niikubali," alisema. "Na iwe sababu ya kweli. Umeme ulikatika, mtandao ulisumbua, hizo nimezichoka."

Ilikuwa saa saba kamili. Nilishuka ngazi mbili mbili.

Sababu ya kweli, eti! Ritani ilikuwa tayari wiki tatu kabla ya siku ya mwisho. Ilikosa mhuri tu. Mhuri wetu unakaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu, tangu mhazini wa zamani alipoigonga mhuri karatasi tupu, akaijaza alivyopenda, kisha akayeyuka. Ufunguo mmoja anao mwenyekiti, wa pili mimi, wa tatu dada yangu mkubwa. Na hakuna karatasi inayogongwa mhuri kabla haijasomwa kwa sauti mbele ya wote, cherehani zikiwa kimya. Watu wanatucheka kwa hilo. Wacha wacheke, wao hawakuibiwa.

Dada yangu alikuwa amesusa. Mkutanoni niliinua shati la sare alilolishona, kola imekwenda upande, nikasema, "Huyu sasa anashona amefumba macho." Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Na huyo ndiye aliyenilea, akanifundisha hata kutunga uzi kwenye sindano. Kesho yake alibeba cherehani yake akaenda kushonea nyumbani, na ufunguo akaondoka nao.

Kwake ni mwendo wa dakika kumi. Sikwenda. Kila siku nilijiambia atakuja mwenyewe, mpaka tarehe ikapita. Mwishowe mwenyekiti ndiye aliyemfuata. Dada alikuja, akafungua kufuli yake, akaondoka bila kunitupia hata jicho.

Basi nikakaa kwenye meza ya kukatia vitambaa na kuandika: "Tulichelewa kwa sababu mtunza ufunguo wa tatu alisusa." Haikuwa uongo mtupu. Ndivyo nilivyojifariji.

"Nimeshampigia dada yako," alisema mwenyekiti. Huyu tunamwita Mzee Futi, maana futi ya kupimia nguo haimtoki shingoni hata akienda msibani. "Anakuja na ufunguo."

Kwa haraka yangu nilikuwa nimesahau kwamba barua hii nayo lazima isomwe, naye akiwepo.

Alifika saa tisa kasorobo, amevaa miwani. Miwani mipya, mizito, ambayo sikuwahi kumwona nayo. Niliitazama nikazielewa kola zote zilizopinda, na nikatamani ardhi inimeze.

"Zimeni," Mzee Futi aliagiza. Cherehani zikanyamaza. "Katibu, soma."

Nilisoma tarehe. Nilisoma salamu. Nilipofika kwenye sababu, niliinua macho. Dada alisogeza miwani yake akangoja, mikono mapajani, vilevile alivyokuwa akingoja nimalize hesabu zangu za shule.

"Tulichelewa," nilisema, "kwa sababu katibu alimdhalilisha mtunza ufunguo mbele ya watu, kisha akaona haya kwenda kumwomba radhi. Ufunguo haukukosekana hata siku moja."

Mtu alikohoa nyuma. Mzee Futi alichungulia juu ya bega langu.

"Hayo hayamo kwenye karatasi."

"Hayamo."

"Kilichosomwa ndicho kinachogongwa mhuri. Andika upya."

Saa tisa na dakika tano. Wino ulichafuka, nikaanza tena. Huyu ananiambia pole pole, yule ananiambia fanya haraka. Nilipomaliza nikaisoma yote, neno kwa neno, kisha nikamgeukia dada yangu hapo hapo mbele ya wote.

"Dada, nisamehe."

Alifungua kufuli yake, ya mwisho, na Mzee Futi akagonga mhuri. "Chukua barua," dada alisema. "Tutachelewa."

Tulifika mlinzi akiwa ameshafunga upande mmoja wa lango. Afisa aliisoma barua. Akairudia. Nilihesabu vigae vya sakafu kwa kukosa pa kuweka macho.

"Huyu mtunza ufunguo yuko wapi?"

"Ni mimi," alisema dada.

"Na haya yaliyoandikwa humu ni kweli?"

"Ni kweli. Ila kuna jambo ameliacha."

Nilimgeukia dada.

"Kola zilikuwa zimepinda kweli," alisema.

Afisa alijikaza asicheke, akashindwa. Aliandika pembeni "Imekubaliwa", akatia sahihi, akatuonyesha mlango maana saa kumi ilikuwa imefika. Nje nilitaka kusema neno, nikaanza kulia.

Dada alivua miwani akaifuta kwa ncha ya khanga.

"Kesho asubuhi uje unibebee cherehani kuirudisha," alisema. "Ile ni nzito. Siku ile niliibeba peke yangu."