Aliyefariki Mwaka 1987

Mwalimu Isabela, mama Cecil, alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kuona kosa likapita. Ukimwandikia ujumbe wa msiba ukakosea tarehe, atakurekebisha kwanza, pole atakupa baadaye. Alifundisha Kiswahili sekondari pale Masasi. Jioni, madaftari ya wanafunzi yakiisha, alikaa na kompyuta yake kwenye dirisha linalotazama vilima vya mawe, akaanza kusahihisha dunia nzima. Maana alikuwa mhariri wa ile kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu anaisoma na yeyote anaruhusiwa kuiandika. Na kwa kuwa yeyote anaruhusiwa, kazi ya watu kama Isabela haiishi.

Makala aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Ladislaus Chipengule, mwandishi wa riwaya, mzaliwa wa Newala. Riwaya tatu tu, basi. Ya kwanza, *Maji ya Mahuta*, Isabela aliisoma akiwa kidato cha pili, kitabu kimefichwa chini ya dawati kipindi cha hesabu, akalia mpaka mwalimu akadhani ni zile hesabu zinamliza. Makala hiyo aliijenga miaka miwili. Marejeo arobaini na moja! Kila sentensi na chanzo chake. Na sasa ilikuwa imechaguliwa kuwekwa ukurasa wa mbele siku ya Jumatatu. Kilichopungua ni picha ya kaburi.

Na kero moja.

Kulikuwa na mtu, hana jina wala akaunti, ambaye kila baada ya siku chache aliingia, akafuta "alifariki mwaka 1987," akaandika "yu hai." Basi, maneno mawili, hana chanzo, hana haya. Isabela anarudisha. Yule anafuta. Isabela anarudisha tena, safari hii kwa hasira, anaandika pembeni: "Tafadhali leta chanzo."

Sasa, Isabela si mgeni wa mambo ya huku. Kwao ni watu wa misheni tangu babu wa babu, lakini anajua majirani zake wanaishije. Anajua kuwa mtu akifa, ukoo hauachi jina lake liende naye. Matanga yakiisha, mpwa wake, mtoto wa dada, anaitwa mbele ya watu anapewa lile jina, na akishalipokea amekuwa yeye. Watoto wa marehemu watamwita baba hata kama wamemzidi umri. Kwa hiyo mwaka jana, alipopiga simu Newala kuulizia habari za mwandishi, akapokea binti mmoja akasema, "Babu Ladislaus? Yupo, kaenda kupulizia mikorosho," Isabela alicheka peke yake. Mtu wa Dar angeruka hapo hapo akaandika kuwa mwandishi yu hai. Siyo yeye. Aliandika kwenye maelezo, na ukweli alivimba kichwa kidogo: "Anayetajwa kuwa hai ni mrithi wa jina, siyo mwandishi. Hii ni mila inayofahamika."

Mara ya kumi na mbili, yule mtu hakufuta tu. Aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano:

"Mwalimu, chanzo ni mimi mwenyewe. Mimi ndiye Ladislaus. Dada yangu ana miaka themanini, hajui kusoma, lakini wajukuu wake wana simu. Nataka wamsomee kwamba niko hai kabla hatujafa, mimi au yeye. Naomba unipigie." Chini yake, namba ya simu.

"Ala!" alisema Isabela, akampa mwalimu mwenzake Nancy asome. "Umeona? Mrithi kapewa jina, sasa anataka na vitabu! Watu hawana haya, jamani."

"Na kama ni kweli?" Nancy aliuliza.

"Nancy, marejeo arobaini na moja!"

Akaifuta ile namba kwa sababu kanuni hairuhusu namba za watu kuachwa wazi, akaomba msimamizi amfungie yule mtu asiweze kuhariri tena. Alfajiri akafungiwa. Isabela akanywa chai yake kwa raha.

Jumamosi akapanda kwenda Newala na kamera ya simu. Bodaboda ilimshusha kwenye ua mpana wa mchanga, mikorosho nyuma, nyumba ya bati mbele. Mlangoni alikaa bibi mwembamba anapepeta mbaazi. Huyo ndiye Bibi Paulina, dada wa mwandishi. Kabla Isabela hajabisha hodi, akatokea mwanamume wa miaka hamsini hivi kutoka shambani, unga wa salfa wa kupulizia mikorosho umemkaa kwenye nyusi. Bibi akaweka ungo chini, akainama.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu."

Isabela alisimama kama kapigwa kofi. Alijua kuwa yule mwanamume ni mtoto wa kuzaliwa wa yule bibi. Erasto, ndilo jina alilobatizwa. Aliijua mila, kaiandika mwenyewe kwenye makala na chanzo chini! Lakini kusoma ni kimoja, na kumwona mama wa miaka themanini anampa shikamoo mtoto aliyemnyonyesha ni kingine.

Walimkaribisha vizuri. Walimpa maji, na maji ya Newala si kitu cha kumpa mtu ovyo, wakampa na muhogo wa kuchemsha. Wakampeleka kaburini. Saruji safi, msalaba, jina, mwaka 1987. Akapiga picha sita. Kazi ilikuwa imekwisha, na angekuwa mtu mwingine angeaga. Lakini ule ugonjwa wake haukumwacha.

"Bibi, samahani. Alifia wapi hasa? Nataka sentensi moja tu."

"Ng'ambo," alisema Bibi Paulina. "Msumbiji. Alivuka mto kwenda Mueda, alikuwa anataka kuandika kitabu cha nne. Vita vikamkuta huko."

"Na mwili aliuleta nani?"

Bibi akatazama msalaba. "Hakuja mwili. Ulikuja mkoba wake. Una damu. Tulingoja miaka miwili, tukazika shati na viatu."

Isabela akaishusha kamera. Miaka miwili ya kuhakiki, kurasa za magazeti ya zamani, barua kwa mchapishaji, na hakuna hata siku moja aliyouliza ndani ya lile kaburi mna nini. Akajikaza. Watu wengi walipotea kwenye vita vile, alijiambia, na wengi hawakurudi. Akageukia upande wa mzaha ili apumue.

"Haya, baba," akamwambia Erasto, "lakini na wewe uache kunisumbua mtandaoni. Mara kumi na mbili! Tumekufungia, usinichukie."

"Mtandao gani, mama?" Erasto akatoa simu yake mfukoni, ya kubonyeza, kioo kimefungwa kwa gundi ya karatasi. "Mimi na hii? Hapa hata picha haiingii."

"Basi ni watoto wako."

"Wanangu wanaangalia mpira huko, siyo vitabu. Nani kasema nini?"

Isabela akafungua simu, akaingia kwenye historia ya ukurasa, maana huko kilichofutwa hakipotei, kinabaki kwa anayejua kukitafuta. Akausoma ule ujumbe kwa sauti. Alipofika "dada yangu ana miaka themanini, hajui kusoma," Bibi Paulina akakaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa hapo hapo mchangani karibu na msalaba, miguu imenyooka kama mtoto.

"Yuko Lukuledi," alisema.

"Nani?" Erasto aliuliza.

"Anajiita Anthony. Anatengeneza baiskeli karibu na misheni. Niliambiwa na mtu aliyemwona."

Erasto alimtazama mama yake, akautazama msalaba, akamtazama Isabela kama vile mwalimu ndiye mwenye jibu. Kichwani mwa Isabela lilikuwa linapita neno moja tu, kumi na mbili, kumi na mbili. Mtu mzima alikuja kwake mara kumi na mbili kusema mimi sijafa, na yeye mara kumi na mbili alimrudisha kaburini akadai chanzo. Na alikosea kwa sababu alijiona mjuzi! Mgeni asiyejua lolote angempigia simu siku ya kwanza.

"Alirudi mwaka tisini na tatu, vita vya ng'ambo vilipokwisha," Bibi Paulina alisema, na sasa hakuna aliyemsukuma, maneno yalitoka yenyewe. "Ilikuwa magharibi. Nilimtambua kwa kutembea. Nikapiga kelele, wajomba wakaja, wakamwingiza ndani haraka asionekane. Wakasema jina lina mwenyewe. Limeshatamkwa mbele za watu, kaburi lipo, msalaba upo. Jina moja halikai na watu wawili katika ukoo mmoja, litamwita mmoja wao alale ndani ya lile kaburi tupu. Wakaniuliza mimi, dada yake, mama yako. Wakasema, 'Paulina, chagua.'"

Erasto akaugeuzia msalaba mgongo.

"Ulikuwa na miaka ishirini. Ulikuwa na homa wiki ile, unakumbuka? Homa kali, hukula siku tatu. Nikaona limeshaanza kukuita." Bibi akashika mchanga, akauachia. "Yeye mwenyewe ndiye aliyeniokoa. Alisema, 'Mtoto abaki nalo.' Akaondoka kabla hakujapambazuka. Hata chai sikumpa. Mwalimu, wewe una mtoto. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Isabela alimfikiria Cecil wake. Machozi yalikuwa yanamtoka, na yeye si mtu wa kulia mbele za watu.

"Miaka thelathini na mbili," Erasto alisema mwisho, taratibu, kama mtu anayejifunza kuhesabu. "Ninakula kwenye kiti chake. Wanawe wananiita baba. Wewe unaniamkia kila asubuhi. Na yeye yuko Lukuledi anaziba pancha."

"Nilikuwa naogopa kukuzika."

"Namba yake ipo?" Erasto alimwuliza Isabela.

Ilikuwepo. Ile ile aliyoifuta kwa kanuni. Isabela akaibonyeza, akakosea, akaibonyeza tena. Simu iliita sana. Alishaanza kuomba Mungu isipokelewe, maana angesema nini? Ikapokelewa. Sauti ya mzee, nzito, inakwaruza, na nyuma yake mtu anagonga chuma.

"Haloo?"

"Shikamoo, baba. Mimi ni mwalimu Isabela. Wa ile kamusi elezo. Naomba radhi. Nimekukosea sana."

Kule upande wa pili chuma kiliacha kugongwa. "Marahaba, mwanangu," mzee alisema. "Mnataka chanzo kingine? Nina cheti cha ubatizo, lakini kimeliwa na mchwa upande wa jina."

Kilichomuumiza Isabela ni kwamba mzee alisema bila hasira, kama mtu aliyezoea. Akabonyeza sauti itoke nje, akanyoosha mkono na simu ikabaki hewani kati yao watatu. Bibi Paulina alijifunika uso kwa khanga. Alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, na mkono wake mmoja umemshika Erasto kifundo cha mguu, kamshika kwa nguvu kabisa, kana kwamba shimo lingefunguka muda ule ule.

Erasto akainama. Akautoa ule mkono taratibu, akaushika kwenye viganja vyake.

"Nina miaka hamsini na miwili," akamwambia. "Nina wajukuu. Kama ni kuitwa, acha niitwe." Kisha akasogeza mdomo kwenye simu, na sauti iliyotoka haikuwa ya yule mkubwa wa ukoo aliyetoka shambani asubuhi.

"Shikamoo, mjomba. Mimi Erasto."

Ilisikika pumzi tu, ndefu, inakatika. Halafu yule mzee akaanza kulia, kilio cha mwanamume mzima asiye na mtu wa kumficha machozi.

"Erasto," alisema. "Homa ilipona?"

"Ilipona, mjomba. Ilikuwa malaria tu." Akamgeukia bibi. "Mama, ongea naye."

Mama. Bibi Paulina aliposikia neno hilo alitoa sauti ambayo Isabela hajawahi kuisikia kwa binadamu, si kicheko wala kilio. Tangu apewe lile jina mwanawe hakuwahi kumwita hivyo. Alimtazama usoni, akampapasa nyusi zile zenye salfa, akamfuta kwa khanga yake kama anavyofutwa mtoto aliyetoka kucheza. Kisha akainyakua simu kwa mikono miwili, kaishika juu chini, akaipigia kelele kama vile Lukuledi iko ng'ambo ya bonde.

"Kaka! Wewe! Nani anakupikia huko?"

"Najipikia mwenyewe."

"Njoo nyumbani!"

"Paulina, na lile kaburi—"

"Erasto atalivunja leo, nyundo ipo! Njoo nyumbani, unanisikia? Lakini njoo mchana. Njoo mchana kweupe, upite katikati ya soko, watu wakuone."